Betri Ilikuwa Sitini na Moja

Mwezi wa pili, Namalwa Sifuna alikwenda Kimilili kwa gari lake kumchukua babake, akampangia mito miwili kwenye kiti cha nyuma, akamleta Eldoret kuishi naye. Mzee hakutaka. Alisema mji huo ndio uliomla mapafu, na sasa ulitaka kumalizia makombo. Aliyasema hayo akicheka, lakini kicheko kilimletea kikohozi kilichoanza Webuye na hakikuisha mpaka walipofika Turbo.

Hakuwa amekosea sana. Kwa miaka thelathini na mmoja Mzee Sifuna alifanya kazi katika kiwanda cha mbao mjini Eldoret, akiwalishia wenzake magogo kwenye misumeno mikubwa, na vumbi alilolivuta ujanani lilimsubiri astaafu, ajenge, apande kahawa yake, ndipo likaanza kumkaba. Daktari alimwonyesha Namalwa picha za kifua. Mapafu yalikuwa yamejaa makovu. Hayangepona. Kilichobaki ni kumsaidia apumue.

Kwa hiyo mzee alikuja na mashine. Ilikuwa na kimo cha kiti, na magurudumu madogo chini, na kazi yake ilikuwa kuvuta hewa ya chumbani, kuichuja, na kumpelekea oksijeni puani kwa mrija mwembamba wa plastiki. Ilinguruma mchana kutwa. Mzee aliizoea upesi kuliko wengine wote nyumbani. Shida yake ilikuwa moja: ilikula stima, na stima ikipotea ilipiga kelele mara tatu, kisha ikanyamaza.

Ilinyamaza wiki ya pili tu. Namalwa alikuwa kazini, katika kampuni ya mbegu za mahindi ambako alisimamia malori ya kupeleka mbegu kwa wauzaji. Nyumbani, mtaa wa Elgon View, alikuwapo Nabalayo, mama wa miaka hamsini na kitu ambaye Namalwa alimwajiri amtunze mzee. Mtungi wa oksijeni wa akiba ulikuwa pale pale nyuma ya mlango, lakini koki yake ilikuwa imekaza, na Nabalayo aliizungusha mpaka ngozi ya kiganja ikachubuka. Namalwa alipopigiwa simu na kufika, dakika arobaini baada ya stima kupotea, alimkuta babake ameinama mbele akishika magoti, midomo imekuwa rangi ya zambarau, na Nabalayo akimpepea kwa gazeti huku akiomba kwa sauti. Namalwa alichukua spana kutoka garini, akafungua ile koki.

Kesho yake alimpigia Jacktone.

Jacktone alikuwa fundi wa stima kutoka upande wa Siaya, mtu msafi, mpole, anayevua viatu mlangoni hata kama amekuja kutoboa ukuta. Kwa siku tatu alipanda na kushuka ngazi. Aliweka sola juu ya paa, akatundika betri na inveta yake ya kugeuza stima kwenye ukuta wa stoo, akabadilisha soketi na swichi za nyumba nzima akaweka zile zinazoongozwa na simu. Siku ya nne aliwakalisha wote sebuleni awaeleze.

"Madam, inveta za zamani zilikuwa zinabeba nyumba yote mpaka zinachoka, halafu kila kitu kinazima mara moja," alisema. "Hii tumeifunza kuchagua. Stima ikipotea, haingoji mtu. Papo hapo inazima shawa, inazima aini ya nguo, inazima birika. Betri ikishuka zaidi, inazima friji na TV. Ikifika arobaini, nyumba yote inalala isipokuwa chumba cha mzee na rauta ya intaneti."

"Kwa nini rauta?" Namalwa aliuliza.

"Ndiyo nyumba iweze kukuambia iko aje. Wewe ukiwa ofisini, ukiwa Nairobi, popote, utaona kwa simu."

Mzee Sifuna alikuwa amekaa mlangoni mwa chumba chake, mrija puani, akisikiliza kama mtu aliye kwenye baraza ya chifu. Akainua mkono.

"Kijana yangu. Katika hiyo orodha, mimi umeniweka namba ngapi?"

"Namba moja, Mzee."

"Kabla ya friji?"

"Kabla ya kila kitu."

Mzee aliridhika. Tangu siku hiyo, kila mgeni aliyekuja kumjulia hali aliambiwa kwamba huyu unayemwona ndiye namba moja katika nyumba hii, hata nyama iliyo kwenye friji inamheshimu.

Na mfumo ule ulifanya kazi. Mwezi wa tatu stima ilipotea mara tisa, na mara zote tisa mashine haikupiga hata kelele moja. Simu ya Namalwa ilitikisika kidogo mezani, ujumbe ukaja: stima imepotea, betri tisini na sita, chumba cha mzee kinaendelea. Ukiifungua ile app ulikuta mchoro wa nyumba, na kila chumba kina alama yake, nyekundu kilipozimwa, kijani kilipowaka. Namalwa alipenda kile kijani. Alikiangalia kwenye mikutano, kwenye foleni ya benki, hata kanisani wakati wa matangazo. Aliwaonyesha wenzake kazini. Kwa mara ya kwanza tangu mwaka uanze aliweza kumaliza siku nzima bila kuiwaza ile koki.

Kuna mambo ambayo aliyaacha bila kuamua kuyaacha. Kabla ya Jacktone alikuwa akimpigia babake asubuhi, saa sita, na saa kumi, kumuuliza tu kama anapumua vizuri. Tena kutoka mjini hadi Elgon View si mbali, na mara tatu nne kwa wiki alikuwa akikimbia nyumbani kula naye chakula cha mchana. Sasa msimu wa kupanda ulikuwa umefika, malori yalikuwa mengi, na simu ilimwambia yote aliyotaka kujua. Akaanza kula mezani kwake ofisini.

Mzee aliligundua hilo kabla yake.

"Mayi, siku hizi hunipigii," alimwambia Jumapili moja wakinywa chai. Alimwita Mayi, yaani mama kwa Kibukusu, kwa sababu Namalwa lilikuwa jina la mamake mzee, na hakuwahi kumwita vingine tangu siku aliyozaliwa.

"Lakini nakuona, Baba. Kila saa naangalia kwa simu. Naona uko sawa."

"Unaona mashine."

"Si mashine ikiwa sawa, na wewe uko sawa?"

Mzee alipuliza chai yake. "Basi sawa," alisema, na wote wawili wakacheka.

Alhamisi moja ya mwezi wa tano, saa nne na dakika kumi asubuhi, stima ilipotea. Mawingu yalikuwa yameshuka chini tangu alfajiri na sola haikuwa na jua la kufanyia kazi. Namalwa alisoma ujumbe, betri tisini na nne, chumba cha mzee kinaendelea, akaendelea na shughuli zake. Malori mawili yalikuwa yamekwama barabarani, na muuzaji mmoja wa Kitale alikuwa akipiga simu kila baada ya dakika tano akilia kwamba mvua inampita.

Saa tano na dakika arobaini simu ikaita tena. Alikuwa babake.

"Mayi, uko kazini?"

"Niko, Baba. Stima imeenda, nimeona. Usiwe na wasiwasi, betri iko themanini na mbili. Hata wakikaa mpaka jioni, mashine haitazima."

"Sikupigii juu ya stima."

"Ni nini basi? Unaumwa?"

Namalwa alisikia mngurumo wa mashine nyuma ya mzee, ule ule wa kila siku.

"Hapana. Hata siwezi kusema naumwa. Nilikuwa nataka tu..."

Mlango ukafunguliwa. Ogola, mmoja wa madereva, aliingia na karatasi za mzigo mkononi, uso umekunjamana, akasema magunia arobaini hayaonekani.

"Baba, nipe dakika kumi nikupigie."

"Sawa, Mayi. Fanya kazi."

Walitafuta yale magunia. Yalikuwa yamepakiwa kwenye lori jingine. Ilipofika saa sita na nusu Namalwa alikumbuka kwamba hajampigia babake, akaichukua simu, na kidole chake kikaenda kwenye ile app kwanza, kwa mazoea. Chumba cha mzee kilikuwa kijani. Moyo ukatulia. Akaona ni afadhali amalize orodha ya malori ya mchana, kisha ampigie akiwa na nafasi ya kuongea vizuri. Muuzaji wa Kitale akapiga. Baadaye saa nane aliangalia tena, na bado kilikuwa kijani.

Saa tisa kasorobo alipiga Nabalayo.

"Mama Antony," alisema, akimwita kwa jina la mwanawe, "njoo nyumbani."

"Mashine imezima?"

"Mashine inanguruma. Njoo."

Alifika garini bila kujua ameacha nini mezani. Kwenye taa za trafiki alifungua simu. Betri sitini na moja. Chumba cha mzee kinaendelea. Aliyashika maneno hayo njia nzima, akajiambia kwamba Nabalayo ni mtu wa kushtuka, kwamba labda mzee ameteleza bafuni, kwamba kama ni jambo kubwa simu ingesema.

Alimkuta Nabalayo amesimama uani, kitambaa cha kichwa mkononi. Ndani alikuwamo jirani yao, Kiplimo, tabibu wa zahanati moja mjini, ambaye Nabalayo alikuwa amemwita kwa kupiga geti lake kwa jiwe. Kiplimo alikuwa amechuchumaa kando ya kiti cha mzee. Aliinuka alipomwona Namalwa, na akashusha macho.

Mzee Sifuna alikuwa ameegemea kitini kana kwamba anasikiliza redio. Sweta yake ya kijivu ilikuwa imefungwa vifungo vyote. Mrija ulikuwa puani bado, na hewa ilikuwa ikipita ndani yake kwa mlio mwembamba, shiii, ikimpelekea mtu ambaye hakuihitaji tena.

"Ni moyo," Kiplimo alisema polepole. "Moyo ulikuwa umechoka kwa kuyabeba hayo mapafu. Pole sana, dada. Hata kama angekuwa hospitali, sidhani."

Namalwa alipiga magoti, akamshika babake mkono. Haukuwa baridi bado.

"Nizime mashine?" Kiplimo aliuliza.

"Ngoja kidogo."

Kiplimo alingoja. Baada ya muda akauliza tena, na Namalwa akasema tena ngoja kidogo. Wakiwa hivyo, saa kumi na dakika chache, stima ikarudi. Nyumba ikaamka yenyewe kama ilivyofundishwa. Friji ikaanza kutetemeka jikoni, TV sebuleni ikawaka kwa sauti ya juu, mtu akitangaza sabuni, na simu mfukoni mwa Namalwa ikatikisika kumpa habari njema. Nabalayo alikimbia kuizima TV. Hapo ndipo Namalwa alipomwambia Kiplimo azime mashine. Ilipiga kelele zake tatu. Baada ya miezi mitatu ya kunguruma, kile kimya kiliwaumiza masikio.

Walimzika Kimilili Jumamosi ya wiki iliyofuata, chini kidogo ya kahawa yake. Watu walikuwa wengi. Wazee waliofanya kazi naye kiwandani walikuja kutoka Eldoret kwa basi la kukodi, baadhi yao wakikohoa kile kikohozi ambacho Namalwa alikijua. Wakoli, kakake Namalwa aliyebaki nyumbani kulima, alizungumza kwa niaba ya familia. Alimshukuru dada yake mbele ya watu wote. Alisema mzee alitunzwa kama mfalme, kwamba huko Eldoret palikuwa na mitambo ya kumlinda ambayo hata hospitali zingine hazina. Watu waligeuka kumtazama Namalwa, wakatikisa vichwa kwa heshima. Antony, mwanawe, aliyepewa ruhusa ya kutoka shule ya bweni, alimshika mkono akaufinya.

Wakati mchungaji akiomba, simu ilitikisika ndani ya mkoba. Hakupaswa kuitazama, lakini mkono ulikwenda wenyewe. Stima ilikuwa imepotea Eldoret. Inaonekana ilikuwa imepotea tangu usiku, kwa sababu betri ilikuwa imeshuka hadi thelathini na tisa. Nyumba ilikuwa imezima friji, imezima taa, imezima kila kitu, ili kulinda kiti kitupu. Chumba cha mzee kinaendelea.

Watu walipokuwa wakielekea kwenye hema la chakula, Wakoli alimkuta dada yake amesimama peke yake kwenye kahawa, simu mkononi. Akaichukua, akasoma.

"Si ni vizuri?" alisema, hakuelewa. "Inafanya kazi."

"Ndiyo," Namalwa alijibu. "Inafanya kazi."

Aliporudi Eldoret alimwita Jacktone. Jacktone alikuja bila begi la vifaa, akavua viatu, akakaa kwenye ukingo wa kochi, akatoa pole kwa maneno machache yaliyotoka moyoni. Alidhani ameitwa kubadilisha orodha. Lakini Namalwa alikuwa na ombi jingine.

"Nataka uniangalizie ile siku. Alhamisi. Kuanzia saa nne mpaka saa tisa. Niambie kama kuna mahali ilikatika."

"Madam..."

"Hata sekunde mbili. Hata kama oksijeni ilipungua kidogo. Angalia, tafadhali."

Jacktone alifungua kompyuta yake, akaingia kwenye kumbukumbu za mfumo. Aliangalia kwa muda mrefu, dakika kwa dakika, kidole kikifuata mstari kwenye kioo, na Namalwa alisimama nyuma yake akikifuata kwa macho. Hatimaye fundi aliinua kichwa.

"Hakuna," alisema. "Haikukatika hata sekunde moja. Stima ya kwenda kwa mashine ilikuwa imenyooka tangu mwanzo mpaka mwisho." Alilisema hilo ili kumfariji, kisha akauona uso wake, akatambua kwamba hakumfariji. "Ulikuwa unataka kuwe na kosa, Madam?"

Ndiyo, Namalwa alikuwa anataka. Kama waya ungekuwa umelegea, kama betri ingekuwa imedanganya, angeweza kumkasirikia Jacktone, angemfokea, angemrudishia mitambo yake. Sasa hapakuwa na wa kumkasirikia. Kila kitu ndani ya nyumba kilikuwa kimetimiza wajibu wake siku ile, kasoro mtu mmoja aliyeomba dakika kumi.

Jacktone alitoa chumba cha mzee kwenye orodha. Ilichukua muda mfupi kuliko kufunga kamba za viatu. Hakuuliza ni nani sasa awe namba moja.

Kazi ya Nabalayo ilikuwa imekwisha. Alikaa wiki mbili zaidi akifua mapazia na mablanketi ambayo hayakuwa machafu, kisha akasema ataenda kukaa na binti yake Cheptiret, kwa barabara ya Nakuru, ambako binti huyo alikuwa na duka dogo la nafaka. Namalwa alisema atampeleka mwenyewe. Ilikuwa Jumamosi, mvua nyepesi ikinyesha. Mji ulibaki nyuma yao.

"Mama Nabalayo," Namalwa alisema, macho barabarani. "Siku ile Baba alinipigia. Alitaka kuniambia kitu. Alikuambia ni nini?"

Nabalayo alishikilia mkoba wake magotini. Ilionekana alikuwa amelingoja swali hilo kwa muda, na kuliogopa pia.

"Hakuniambia," alisema. "Alikuwa tu hatulii. Nilimpikia uji, akaonja, akauweka. Alipomaliza kuongea na wewe alikaa na simu mkononi. Akaniuliza unarudi saa ngapi. Nikamwambia saa kumi na mbili, kama kawaida. Baadaye kidogo akauliza tena. Nikamwambia tena, saa kumi na mbili. Akasema hiyo ni mbali."

Wiper zilikwenda na kurudi.

"Nikataka kukupigia. Akanikataza. Akasema wewe uko na kazi ya watu. Akaniambia nimletee sweta ya kijivu, nimfunge vifungo. Nikafunga. Nikaenda kuanua nguo, kwa sababu ya mvua. Niliporudi..." Nabalayo alifuta macho kwa nyuma ya mkono. "Mimi ningekupigia tu. Ningemkaidi nikupigie. Hata mimi kila siku nalala na hiyo."

"Wewe hukukosa kitu."

"Na wewe pia."

Walifika Cheptiret, wakapinda kushoto baada ya maduka, wakasimama mbele ya nyumba ya mabati yenye rangi ya bluu. Binti wa Nabalayo, Perez, alitoka na mwavuli kuwapokea, mtoto mgongoni. Namalwa alisaidia kubeba begi na godoro, akataka kuaga, lakini Perez hakusikia lolote. Alimvutia kiti karibu na jiko la makaa, akammiminia chai ya maziwa, akamsukumia sahani ya viazi vitamu. Kisha alimshusha mtoto mgongoni na kumweka mapajani mwa mgeni ili apate mikono ya kufanya kazi.

Mtoto alimkodolea Namalwa macho kwa muda, akashika kidole chake, akasinzia. Nabalayo na bintiye waliongea kwa sauti ya chini juu ya bei ya maharagwe na paa linalovuja upande wa jikoni. Mvua ilizidi juu ya mabati mpaka mtu asingeweza kumsikia mwenzake. Chini ya kelele hiyo, katika nyumba ya watu aliowajua kwa saa moja tu, Namalwa alianza kulia, kwa mara ya kwanza tangu ile Alhamisi. Alilia bila kujizuia na bila kumwamsha mtoto, mabega yakitikisika. Perez alimtazama mamake. Nabalayo alitikisa kichwa kidogo, kumwambia amwache. Akaongeza makaa kwenye jiko, akavuta kiti chake karibu na cha Namalwa, wakakaa hivyo hadi jioni.